Hadubini ya shule isinunuliwe kwa namba ya kwenye boksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi, walimu na wajumbe wa bodi za shule wanaojiandaa kununua hadubini. Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu. Kazi yangu hospitalini ilikuwa kusoma slaidi za malaria, makohozi na choo, na siku hizi nahangaika na mizabibu yangu michache hapa Dodoma na kuhudhuria vikao vya bodi ya shule yetu ya kata.

Kwenye kikao cha wazazi kilichofuata mavuno ya zabibu, mzazi mmoja mwenye nia njema kabisa alisimama na simu yake akatuonyesha picha ya hadubini aliyoiona dukani. Boksi limeandikwa kwa wino mwekundu kwamba inakuza mara 2000. Ile aliyoipendekeza mwalimu wa baiolojia inakuza mara 400 tu, na bei hazikupishana sana. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akanyamaza, ni kijana, na aliyesimama ni rika la baba yake. Nikaomba bodi isubiri kwanza nikaione hiyo hadubini kwa macho yangu.

Hiyo 2000 inapatikana hivi. Hadubini ya kawaida ina lenzi ya juu, ile unayosogezea jicho, na lenzi za chini kwenye kichwa kinachozunguka. Unazidisha ya juu kwa ya chini. Ya juu kwa kawaida ni 10, za chini ni 4, 10, 40 na 100, kwa hiyo unapata 40, 100, 400 na 1000. Muuzaji akichomeka ya juu yenye 20, boksi linasoma 2000. Kuongeza namba si kuongeza unachokiona. Mjerumani Ernst Abbe, aliyefanya kazi na Carl Zeiss, alionyesha tangu 1873 kwamba mwanga wenyewe una kikomo: vitu viwili vikikaribiana kupita takriban sehemu ya elfu tano ya milimita, hadubini ya mwanga haiwezi kuvitenganisha, uikuze utakavyo. Ni kama kuchukua picha ya pasipoti ukaikuza iwe ya ukutani. Uso unakuwa mkubwa, kope hazionekani zaidi.

Namba ya kusoma iko kwenye ubavu wa lenzi ya chini, wala si kwenye boksi. Lenzi nzuri ya 40 huandikwa 40/0.65. Hiyo 0.65 ndiyo uwezo wake wa kukusanya mwanga, na ndiyo inayoamua undani utakaouona. Izidishe kwa 1000 upate kikomo cha ukuzaji wenye faida. Lenzi ya 100 yenye 1.25 inaishia karibu 1250; kinachozidi hapo ni ukungu mnene. Chini yake utakuta 160/0.17. Ya kwanza ni urefu wa mrija ambao lenzi ilitengenezewa, kwa milimita; ya pili ni unene wa kile kioo chembamba cha kufunikia sampuli. Baadhi ya lenzi za kisasa zina alama ya nane iliyolala badala ya 160. Lenzi za aina hizo mbili hazichanganywi, na shule ikinunua lenzi ya akiba bila kulinganisha, pesa imekwenda.

Basi nikaenda. Duka silitaji. Nilibeba kipande cha gazeti, Mhariri, usikasirike, maana ndicho kipimo rahisi kuliko vyote: herufi moja na kipande cha picha ya rangi, tone la maji, kioo juu. Kwa lenzi ya 4 herufi inatakiwa ionekane imepinduka juu chini na kushoto kulia, kingo zake zikiwa safi mpaka pembeni mwa duara. Picha ya rangi inavunjika kuwa vidoto vya buluu, waridi, njano na nyeusi. (Watoto wakiona hivyo kwa mara ya kwanza hupiga kelele, hilo peke yake linastahili kipindi kizima.) Ukishapata picha safi kwenye 4, zungusha uende 10, kisha 40. Hadubini iliyotengenezwa vizuri haikupotezi: kitu kinabaki karibu na katikati, na unarekebisha kidogo tu kwa skrubu ndogo.

Ile ya mara 2000 haikuwa na skrubu ndogo. Ilikuwa na moja tu, kubwa. Lenzi ya 40 inakaa chini ya milimita moja juu ya kioo, na ile ya 100 inakaa karibu zaidi. Mtoto wa kidato cha kwanza akizungusha skrubu kubwa hapo, slaidi inapasuka na lenzi inachubuka siku ya kwanza. Meza yake, yaani bamba la kuwekea slaidi, ilikuwa na vibanio viwili vya bati, slaidi unaisukuma kwa kidole. Kwenye ukuzaji wa 400, duara unaloliona ni karibu nusu milimita kwa upana. Kidole kikitetemeka, seli imekwenda zake. Hospitalini tulitumia meza yenye skrubu za kupeleka slaidi mbele, nyuma na pembeni, na kwa shule ni vivyo hivyo. Nikaiacha kidogo bila kuigusa: meza ikashuka yenyewe taratibu, picha ikafifia. Hiyo ni gia iliyolegea, na tulikuwa bado dukani.

Chini ya meza hapakuwa na kondensa, yaani lenzi inayokusanya mwanga kuuelekeza kwenye sampuli, yenye kiwambo cha kufungua na kufunga. Watu wengi hawaitazami kabisa sehemu hii, na mimi ningeanza nayo. Bila kondensa, lenzi ya 100 ni pambo. Na lenzi hiyo hufanya kazi na tone la mafuta maalumu kati yake na kioo. Sisi tuliihitaji kwa malaria, kwa sababu chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita) na mdudu yumo ndani yake. Mwanafunzi anayetazama ngozi ya kitunguu yenye aidini, au seli za shavu lake, anatosheka na 400. Afadhali pesa ya lenzi ya 100 iende kwenye kondensa na meza. Tena mafuta hayo yakiwepo darasani, kuna mtu atayachovya kwenye lenzi ya 40, ambayo ni ya kutumika kavu, nayo haitaona vizuri mpaka isafishwe.

Kuhusu taa, ningechagua ya LED inayochajiwa. Balbu za zamani za halojeni zinachemka na kuungua, na umeme wetu tunaujua. Kioo cha kuakisi mwanga bado kinafaa kwa shule isiyo na umeme. Upande bapa unatumika penye kondensa, upande wa bonde pasipo na kondensa, na kamwe kisielekezwe kwenye jua lenyewe, ni jicho la mtoto hilo.

Hapa Dodoma adui ni vumbi. Upepo wa kiangazi ukianza, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Ifunikwe kila inapoachwa, ipulizwe kwa mpira wa hewa, ifutwe kwa karatasi ya lenzi. Si kwa khanga, si kwa shati. Ukiona doa, zungusha lenzi ya juu: doa likizunguka nalo, uchafu uko hapo, likihama na slaidi, liko kwenye slaidi.

Sampuli hazinunuliwi. Chukua jani la mzabibu, paka upande wa chini rangi ya kucha isiyo na rangi, iache ikauke, ibandue kwa selotepu uibandike kwenye slaidi. Matundu ya kupumulia utayaona kwa lenzi ya 10 na kuyachunguza kwa 40. Upande wa juu wa jani hilo hutayapata, na hilo ni swali zuri la kuwauliza wanafunzi.

Bodi imekubali kumtuma mwalimu wa baiolojia dukani na slaidi yake mkononi kabla ya fedha kutoka, na nitafuatana naye. Wenye maduka nawaomba jambo moja: wekeni hadubini moja mezani, nje ya boksi, mnunuzi aijaribu. Yule niliyemtembelea alinikatalia mwanzoni, akidai nikiifungua nimeinunua.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Dodoma