Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuzo za Wahitimu Bora na Jinsi Tulivyowapata

Ndugu wanachama, walimu wenzangu,

Taarifa hizi kwa desturi huanza na idadi ya vikao na kuishia kwenye shukrani. Mwaka huu naanza na kuomba radhi, kwa sababu mliokuwepo kwenye mahafali ya shule ya elimu ya chuo mliona wenyewe kilichotokea jukwaani, na msiokuwepo mmeshasimuliwa, tena kwa chumvi ya kutosha.

Ni kweli. Ngao ya mhitimu bora wa mazoezi ya kufundisha ilichongwa jina la mhitimu bora wa taaluma, na ya taaluma ikachongwa jina la mwenzake. Wa kwanza kupanda jukwaani alipoipokea alisoma maandishi, akatabasamu, kisha akaishusha ngao kidogo na kuyafunika kwa kiganja ili yasionekane kwenye picha. Ule utulivu ulinifedhehesha kuliko kama angelalamika. Mchongaji hana kosa. Alinitumia sampuli usiku, nikaitazama juu juu kwenye simu, nikamjibu "iko sawa". Nimesahihisha insha za wanafunzi maisha yangu yote, na mistari miwili ya ngao ikanishinda. Ngao mpya zimeshachongwa, na safari hii katibu aliwapigia simu wenyewe akawasomea jina na tuzo, herufi kwa herufi, kabla mchongaji hajagusa kitu.

Sasa niende kwenye jambo lenyewe, maana nisingependa mwaka huu ukumbukwe kwa ngao.

Kwa miaka mingi chama chetu kilimtunza mhitimu mwenye wastani wa juu wa alama. Chuo nacho kinamtunza mtu huyohuyo. Matokeo yake kila mahafali tulimwona kijana mmoja akipanda jukwaani mara mbili kwa sababu moja, akipigiwa makofi mara mbili, na sisi tukirudi nyumbani tukidhani tumefanya kazi. Mkutano mkuu uliopita mliamua tuiache tuzo ya taaluma kama ilivyo, tuongeze ya mazoezi ya kufundisha, na ya tatu ya utafiti mdogo uliofanyika ndani ya darasa halisi. Hiyo ya tatu ilienda vizuri bila mabishano, sina la kuongeza. Ya pili ndiyo iliyotula muda, na ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Hoja yangu kwenye kamati ilikuwa fupi. Neno letu shahada limetoka kwenye ushahidi. Anayetia saini shahada ya ualimu anashuhudia kwamba mtu huyu anaweza kukabidhiwa watoto. Vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya vilipotoa vyeti, kilichokuwa ndani ya cheti ni idhini ya kufundisha, na hata neno daktari, tulilowaachia watu wa hospitali, chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufundisha. Basi shule ya elimu ikimtangaza mhitimu bora pasipo mtu yeyote kukaa nyuma ya darasa lake, ushahidi huo umetolewa na asiyeona.

Ilibidi tupate wa kuona. Wanachama kadhaa, wengi wao wastaafu, walijitolea kwenda kutazama vipindi. Tulikubaliana kila mpendekezwa atazamwe mara mbili na watu wawili tofauti, kila mmoja kwa siku yake, bila kuulizana.

Fomu ya kwanza tuliyoijaribu ilituaibisha. Ilikuwa na vipengele vingi: mwandiko wa ubaoni, zana, sauti, usimamizi wa darasa, na kadhalika. Mtazamaji aliyeanza na alama ya nne juu aliteremka na nne mpaka chini. Aliyempenda mwalimu kwa sauti yake alimpenda hadi kwenye zana ambazo hazikuwepo. Si ugonjwa wa chama chetu peke yake. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike, aliyekuwa Teachers College, chuo cha ualimu cha Chuo Kuu cha Columbia, Marekani, alichapisha makala kuhusu maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapima walio chini yao kwa umbo, akili, uongozi na tabia. Alama za sifa hizo, ambazo hazina undugu mkubwa, zilifuatana mno kuliko inavyoweza kuwa kweli. Mtu akikuvutia kwa jambo moja, jicho linamkopesha mengine yote.

Kwa hiyo tukafanya mawili. Wastani wa alama ukafichwa, hakuna mtazamaji aliyeujua kabla ya kutazama. Na fomu ikapunguzwa hadi maswali matatu ya kuandikiwa maelezo, bila namba: mwalimu alifanya nini mwanafunzi alipokosea? Alisubiri kiasi gani baada ya kuuliza? Baada ya kipindi aliandika nini kwenye andalio lake la somo?

Swali la pili baadhi yenu mliliona la ajabu. Limetokana na kazi ya Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, ambaye alisikiliza kanda za masomo ya sayansi na kugundua kwamba walimu kwa kawaida walisubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha wakamtaja mwingine au wakajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya walianza kuzungumza. Jaribuni wenyewe kesho. Sekunde tatu za ukimya mbele ya darasa ni ndefu kama foleni.

Nami nilikwenda kutazama, nisije nikaonekana natuma wenzangu. Kipindi kilikuwa cha sehemu. Mwalimu mwanafunzi aliuliza: ipi kubwa, theluthi au robo? Msichana wa safu ya tatu akajibu robo, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Mwalimu hakusema amekosea, wala hakumwita mwingine "amsaidie", neno tunalolitumia sote tukimaanisha amwaibishe. Alikaa kimya. Nilihesabu moyoni hadi sita. Kisha akampa vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa, akamwambia akunje kimoja kipate sehemu tatu sawasawa na kingine sehemu nne. Msichana alikunja, akafungua, akakunja tena kwa sababu mara ya kwanza alipindisha. Darasa lote lilimsubiri. Alipoweka kipande juu ya kipande alicheka mwenyewe, kabla mtu hajamwambia kitu.

Baada ya kengele niliomba kuona andalio la somo. Wote tunaijua ile sehemu ya tathmini mwishoni, ambapo kila mmoja wetu amewahi kuandika "somo lilieleweka vizuri" kipindi kikiwa hata hakijaanza. Pale palikuwa na majina manne, kwa penseli, na maneno: hawa bado, kesho nianze nao. Jina la msichana wa karatasi lilikuwamo. Nilidhani ameelewa. Mwalimu wake hakudhani.

Mtazamaji wa pili, ambaye hakujua nilichoandika, alileta maelezo yanayofanana na yangu. Tulipofungua orodha ya alama, mpendekezwa huyo alikuwa wa katikati, si wa chini, lakini mbali na walio juu.

Ndiye aliyeshinda tuzo ya mazoezi ya kufundisha, na hapo ndipo barua zilipoanza. Mwanachama mmoja ninayemheshimu ameniandikia kwamba tumegeuza tuzo kuwa ya huruma na kwamba tunawaambia vijana kusoma hakuna maana. Nimemjibu faraghani na sasa namjibu mbele yenu, kwa idhini yake. Mhitimu bora wa taaluma mwaka huu naye alitazamwa, akashika nafasi ya tatu katika mazoezi ya kufundisha, na kusema kweli kipindi chake cha ushairi kilikuwa cha kupendeza. Anayejua somo lake kwa kina ana mtaji ambao hakuna mbinu inayochukua nafasi yake. Ila mtaji si biashara. Tuzo mbili zinapima vitu viwili, na mwaka utafika mtu mmoja atazichukua zote. Siku hiyo apande mara mbili, na mimi nitapiga makofi mara mbili bila manung'uniko.

Lililonigusa zaidi kwenye mahafali ni dogo. Uongozi wa shule ya elimu ulitupa dakika chache sana kwenye ratiba, na nilinung'unika. Kumbe zilitosha. Badala ya kusoma wastani wa alama, tulimpa mshereheshaji sentensi moja kwa kila mshindi, inayosema alichofanya. Alipofika kwenye yale majina manne kwa penseli, ukumbi uliokuwa na vuvuzela na vigelegele ulinyamaza. Nyuma yangu mlezi mmoja, sijui ni wa nani, alisema kwa sauti ya chini, "Angekuwa mwalimu wangu." Niliogopa kugeuka.

Katibu aliwafuata wahitimu mmoja mmoja siku ya mazoezi ya mahafali, akawauliza majina yao yanatamkwaje, akayaandika kama yanavyosikika. Kazi hiyo haionekani, nataka ionekane hapa.

Kuna pendekezo lililotolewa kamatini na kukataliwa, na mnastahili kulijua. Mhazini, kwa nia njema kabisa, alipendekeza washindi wachangie gharama ya ngao na joho la heshima kwa sababu mfuko ulikuwa umebana. Nilimkumbusha kwamba mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulipiga marufuku kutoza malipo kwa idhini ya kufundisha, na pia kumnyima idhini hiyo anayestahili. Kama watu wa karne ya 12 waliona aibu kumtoza mwalimu mpya mlangoni, sisi tutasemaje? Mhazini alicheka, akaondoa hoja, kisha akatafuta fedha kwa kupunguza maua na kuchapa kijitabu chembamba. Hesabu zenyewe zimekaguliwa na atazisoma mkutanoni.

Jambo moja nililoshindwa ni tuzo ya wanaobaki. Nilitaka tuwarudie wahitimu wetu baada ya miaka mitano na kumheshimu aliye bado darasani. Takwimu za UNESCO zinatisha: duniani, walimu wa shule za msingi wanaoacha kazi kwa mwaka waliongezeka kutoka asilimia 4.62 mwaka 2015 hadi asilimia 9.06 mwaka 2022, na shirika hilo linakadiria kwamba ifikapo mwaka 2030 watahitajika walimu wapya milioni 44 katika shule za msingi na sekondari. Tunapiga makofi mlangoni, halafu hatuulizi nani ametoka kwa mlango wa nyuma. Kamati iligawanyika. Wenzangu walisema anayeacha ualimu kwa sababu ya mshahara au kumuuguza mzazi hajakosa sifa, na tuzo ya wanaobaki itasomeka kama lawama kwake. Ni hoja nzito, sikuwa na jibu, nikaliondoa. Bado nadhani kuna namna. Anayeiona aje nayo mkutanoni. Nimewaza tungeitoa tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, badala ya mahafali, ili isichanganyike na furaha ya wanaoanza.

Mwisho, watazamaji. Mwaka huu tulikuwa na majina mengi kwenye karatasi na watu wachache barabarani. Wapendekezwa wawili walitazamwa mara moja tu, na tukalazimika kuwaondoa kwenye ushindani kwa kosa lisilo lao. Nimewaandikia barua wote wawili. Mazoezi ya kufundisha yajayo yakianza hatutakuwa na nafasi ya kutafutana kwa simu, kwa hiyo fomu za kujitolea ziko kwa katibu kuanzia leo. Anayejaza aandike siku anazoweza, na chini yake, kwa uaminifu uleule, siku asizoweza.

Mwenyekiti