Hati ya vidole ya Xiaogang

Hefei, Anhui

Ndugu yangu Bakari,

Asalaam aleikum. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na goti la Mzee Kombo limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila baridi ya jiji hili la Hefei mwaka huu haina adabu. Naomba radhi kwa kimya cha miezi miwili. Uliniomba nikuandikie siri ya maendeleo ya China kwa ukurasa mmoja ili uwasomee madiwani kwenye semina, kisha ukajijibu mwenyewe kwamba siri yenyewe ni amri moja kutoka Beijing na watu wote kutii. Sentensi hiyo imeninyima usingizi, na ndiyo iliyonishikisha kalamu leo.

Mwezi uliopita nilikwenda Xiaogang, kijiji cha wilaya ya Fengyang katika jimbo hili hili la Anhui. Fengyang ilijulikana zamani kwa ombaomba wake: mavuno yakikosekana, watu walibeba ngoma ndogo wakaenda kuimba milangoni mwa wageni. Katika makumbusho ya kijiji imeonyeshwa nakala ya hati ya mwaka 1978, yenye mwandiko wa mtu asiyezoea kalamu, maneno mawili matatu yamekosewa, na alama nyekundu za vidole. Wakulima 18 walikubaliana kwa siri kugawana mashamba ya pamoja, kila kaya ilime yake na kutoa fungu la serikali, na viongozi wao wakifungwa au kukatwa vichwa, waliobaki wawalee watoto wao hadi wafikishe miaka 18. Nilisimama mbele ya kioo kile hata mlinzi akaanza kunitilia shaka.

Sasa niambie, amri ya Beijing iko wapi hapo? Desemba ya mwaka huo huo ulifanyika mkutano wa Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti kinachotawala, ule unaotajwa kila mahali kuwa mwanzo wa mageuzi, na rasimu ya uamuzi wake kuhusu kilimo ilikataza waziwazi kugawa mashamba kwa kaya. Watu wa Xiaogang waliponea kwa sababu wakubwa wa wilaya walijifanya hawaoni, na Wan Li, katibu wa chama wa jimbo, akawakingia kifua. Deng Xiaoping, aliyekuwa kiongozi mwenye sauti kubwa kuliko wote nchini, aliisifu Fengyang mwaka 1980, mavuno yakiwa yameshasema, na waraka wa kuuhalalisha utaratibu huo ukatoka mwaka 1982. Sikatai kwamba Beijing ilifanya kazi kubwa: iliweza kuwaponda lakini haikuwaponda, kisha ikalichukua jambo la vijijini ikalieneza, hata kufikia mwisho wa 1984 karibu nchi nzima ililima kwa kaya. Ila chama hicho hicho ndicho kilichowaswaga wakulima kwenye komuni, yaani mashamba makubwa ya pamoja, mwaka 1958, na Anhui ni miongoni mwa majimbo yaliyoumia zaidi kwa njaa iliyofuata.

Madiwani wako, walivyozoea kulilia mapato ya ndani, wataielewa zaidi habari ya fedha. Katika miaka ya 1980 majimbo yalibakiwa na sehemu kubwa ya makusanyo, na viongozi wake wakaendesha viwanda kama maduka yao. Mwaka 1993 Beijing ilikuwa ikipata takriban asilimia 22 tu ya mapato ya serikali, ndipo Zhu Rongji, naibu waziri mkuu, akazunguka majimboni kubembeleza na kukaripia, na mwaka 1994 serikali kuu ikaanza kuchukua asilimia 75 ya kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka huo huo fungu lake likapita nusu. Shule, zahanati na barabara zikabaki mikononi mwa wale wa chini, nao wakafanya kama baba aliyekatwa mshahara: wakatazama cha kuuza. Mkulima alilipwa fidia, shamba likageuzwa mali ya dola, na haki ya kulitumia kwa miaka 70 ikauzwa kwa wajenzi wa nyumba. Mwaka 2021 mauzo hayo yaliingiza yuan trilioni 8.7, mwaka 2024, kampuni kubwa za nyumba kama Evergrande zikiwa zimeshaanguka, yalikuwa chini ya trilioni 5. Kutoka dirishani kwangu naona maghorofa manne yasiyo na madirisha, na winchi iliyosimama tangu nilipohamia.

Serikali ya jiji la Hefei yenyewe ilicheza bahati nasibu nyingine. Mwaka 2020 ilinunua hisa za kampuni ya magari ya umeme ya NIO iliyokuwa taabani, na haikujuta. Hilo tafadhali usilisome kwenye semina, maana yumo diwani mmoja, nawe unamjua, atakayetaka halmashauri inunue kiwanda kesho yake asubuhi.

Narudi kwenye ile hati, kwa kuwa bado inanisumbua. Najiuliza kama leo, baada ya ukomo wa mihula ya urais kuondolewa mwaka 2018 na kila ofisi kukodoa macho Beijing, yupo katibu wa wilaya angethubutu kujifanya haoni... Lakini hayo tutayazungumza tukikutana.

Semina ni tarehe ngapi hasa? Utaifuta sentensi ile, au umeshaichapisha? Nikutumie picha ya hati uwaonyeshe? Halima amejifungua salama? Na zile fedha zangu za mabati, Saidi amezifikisha, au bado anasema mtandao unasumbua?

Wako,
Idrisa