Kampuni zipunguze mikia ya barua pepe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wakuu wa kampuni, na kupitia kwao vitengo vya Tehama, kuhusu lile andiko linalojibandika lenyewe chini ya kila barua pepe inayotoka ofisini.

Nauza vifaa vya ofisi Kariakoo. Juzi mhasibu wa mteja wangu alinijibu kwa maneno mawili tu: "Nimepokea, asante." Chini yake ikafuata aya nzima ya Kiingereza cha mawakili: barua hii ni siri, kama hukukusudiwa wewe ni marufuku kuisoma, kuinakili au kumpa mwingine, ifute mara moja. Kwa kuwa tulikuwa tumeshaandikiana sana juu ya ankara ileile, aya hiyo ilijirudia chini ya kila jibu lake, na namba ya oda niliyokuwa naitafuta ikawa imezama humo katikati. Isitoshe, onyo lenyewe limekaa mwisho. Anayelifikia ameshasoma yote aliyokatazwa.

Sina ugomvi na seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotuma barua, kubandika maandishi. Ukimwachia kila mfanyakazi ajiandikie, mmoja ataacha cheo alichokivua mwaka juzi, mwingine ataweka mstari wa Zaburi, na anayejibu kwa simu hataweka kitu. Ugomvi wangu ni hicho kinachobandikwa.

Uingereza, tangu Januari 1, 2007, barua za kibiashara za kampuni, zikiwemo za kielektroniki, zinatakiwa kuonyesha jina kamili la kampuni, namba ya usajili, mahali iliposajiliwa na anwani ya ofisi yake iliyosajiliwa. Ujerumani nao walianza mwezi huohuo, na huko hata majina ya wakurugenzi huwekwa. Hayo ndiyo yanayomfaa mtu kama mimi. Nikiandikiwa na kampuni nisiyoijua kwamba inataka printa kumi kwa mkopo, namba ya usajili naweza kuihakiki BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kabla sijapakia mzigo. Tapeli anaweza kunakili namba ya mwingine, ni kweli, lakini hapo angalau nina pa kuanzia kuuliza. Aya ya vitisho hainipi hata pa kuanzia.

Halafu vitisho vyenyewe vinamfunga nani? Makubaliano yanahitaji pande mbili, na mimi sijakubali lolote kwa kufungua barua niliyotumiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa wajibu anayekusanya na kuchakata taarifa za watu. Karani akikosea anwani na kunitumia orodha ya mishahara, kosa ni la ofisi yake, hata kama mkia wa barua una urefu wa ukurasa.

Kuna na madhara ya kiufundi ambayo mabosi wengi hawaelezwi. Barua nyingi siku hizi hutoka na saini ya kidijitali iitwayo DKIM, inayokokotolewa kutokana na maandishi yaliyomo ili mpokeaji ajue hayakubadilishwa njiani. Seva ikibandika mkia baada ya saini kuwekwa, maandishi yamebadilika, saini inakataa, na barua halali inaweza kuishia kwenye taka za mpokeaji. Mkia utangulie, saini ifuate. Kujirudia nako kunazuilika: mifumo kama wa Microsoft inaruhusu kuweka sharti kwamba kama andiko limo tayari kwenye barua, lisiongezwe tena. Mfumo huohuo unakubali andiko la hadi herufi 5,000, ukarimu ambao mawakili wasiambiwe.

Na nembo, jamani. Kampuni nyingine hubandika picha ya nembo, alama za mitandao ya kijamii na bango la maadhimisho ya miaka kadhaa ya kuanzishwa. Kwenye simu yangu kila barua yao inaonyesha alama ya kiambatisho. Nikitafuta ile moja yenye hati ya malipo, nafungua nembo tupu, bando linakwenda.

Ninachoomba ni mistari minne ya maandishi matupu: jina la kampuni, namba ya usajili, anwani, na simu ya mezani inayopokelewa. Mwanasheria aking'ang'ania onyo lake, basi liwe sentensi moja, na iwe kwa Kiswahili kama barua yenyewe ni ya Kiswahili.

Muuza vifaa vya ofisi,
Kariakoo, Dar es Salaam