Barua kwa mwanangu: Goti hilo na salsa ya Cali

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana usiku kutoka Cali, Kolombia, nimeusoma mara tatu. "Goti limevimba kidogo ila naendelea na darasa la salsa." Hilo "kidogo" silipendi, na "naendelea" ndiyo kabisa.

Ni goti la kushoto, sivyo? Tena upande wa ndani? Basi ni mgeuko wa kulia huo. Kwa anayeongozwa na mwenzake, katika zile hesabu nane za salsa, kwenye tano unakanyaga kushoto mbele na kuzungukia hapo nusu duara, kwenye sita uzito unahamia kulia na nusu ya pili inamalizika, kwenye saba miguu inakutana. Kwa wimbo wa midundo 180 kwa dakika, kila hatua ina theluthi moja ya sekunde. Uzito wako wote uko juu ya mguu wa kushoto, na soli ikiganda chini hapo, kiuno kitaondoka, paja litaondoka, unyayo utabaki. Kinachosokotwa ni goti, nalo liliumbwa kukunja na kunyoosha. Kuzunguka ni kazi ya nyonga, na ya unyayo unaoteleza.

Kwa hiyo hizo raba zivue. Soli ya mpira imetengenezwa ili ishike, na kwenye sakafu ya vigae inashika kupita kiasi. Najua ni nani aliyezinunua na kusema zitafaa darasani na sokoni. Mwambie hakufikiri. Tafuta kiatu cha dansi chenye soli ya swedi, ile ngozi yenye manyoya mafupi, kisigino sentimita 5 au 6, kamba inayobana kifundo. Swedi haitoki nje ya mlango. Ikilowa haitabiriki, na ikishakuwa laini kama sabuni unaisugua kwa brashi ya waya mpaka manyoya yasimame tena. Kabla ya muziki kuanza, simama juu ya mguu wa kushoto, inua kisigino kidogo, geuka robo duara taratibu. Tazama chini. Goti likitangulia na kidole gumba kikabaki nyuma, kiatu hicho hakifai kwa sakafu hiyo. Usimwage poda, utamvunja mwenzio.

Sasa hatua zako. Ni ndefu, kama unaruka mtaro. Hatua ya salsa haizidi urefu wa unyayo wako mwenyewe, na unatua kwa mbele ya unyayo, kisigino kinafuata. Kiuno hakitingishwi kwa makusudi: goti moja likikunja na lingine likinyooka, kiuno kinajiendea chenyewe. Mabega yako ni mepesi na mkono wako haumvuti mtu. Hapo sina neno, wengi huchukua miaka kufika hapo.

Ila unachelewa kwenye tano. Ulizoea kuhesabiwa kwa sauti, ukawa unamsubiri mwalimu badala ya kusubiri muziki. Mwalimu huyo unamjua, alikuwa anahesabu mpaka jikoni. Acha kuhesabu, sikiliza konga, ile ngoma ndefu ya mikono: mapigo yake mawili ya wazi yanaangukia kwenye nne na kwenye nane, pale ambapo wewe hukanyagi. Yakishalia, hatua inayofuata ni moja au tano. Klave nayo, vile vijiti viwili, ina mapigo matano ndani ya hesabu zako nane, na sikio lako halina ugeni nayo. Sahani za santuri za son, muziki wa Kuba uliozaa salsa, zilifika Léopoldville (Kinshasa ya leo) tangu miaka ya 1930, na rumba ya Kongo anayoipenda baba yako ilichota humo. Ukichelewa kwenye tano unaanza kuzunguka kabla uzito haujatulia, halafu goti ndilo linalolipa.

Na hao wa Cali wana mbio. Miaka ya 1960 vijana wa huko walipiga sahani za mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45, muziki ukapanda zaidi ya theluthi, wakajifunza kuchezesha miguu kwa kasi hiyo huku kifua kimetulia. Ni mtindo mzuri mno kuutazama. Si wa goti lililovimba. Mwombe mwalimu akuonyeshe kasino ya Kuba: wawili wanazungukana kama wanatembea, na mgeuko unaugawa katika hatua tatu badala ya kuumaliza juu ya mguu mmoja. Mitindo ya New York na Los Angeles, ya kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja na mizunguko ya haraka, iache mpaka mwezi Februari.

Bachata cheza. Hatua tatu upande, ya nne unagusa tu bila kuhamisha uzito. Merenge ni kutembea kwa kila mdundo, haina la kukuumiza ukikaa wima. Cha-cha-cha, hapana: "cha-cha-cha" yenyewe inaangukia nne, nusu, na moja, na wewe kwa pupa yako utairukia.

Tarehe 25 Desemba Feria, tamasha la Cali, inafunguliwa, na najua umeshapanga usiku wote sita. Lami inashika kuliko vigae. Barabarani hakuna kuzunguka, Neema, hata akikuongoza nani. Shusha mkono, tembea papo hapo, atakuelewa. Na goti likikwama lisinyooke, au likikuachia ukishuka ngazi, hilo halihitaji barafu wala dawa ya kuchua, linahitaji daktari. Ulishakwenda? Sijaona umesema.

Hapa tuko salama. Bibi yako kaondolewa mtoto wa jicho la kulia, sasa anaona vumbi letu lote na hatunyamazi. Ada ya Baraka imebaki muhula mmoja. Tangi limepasuka chini, fundi anakuja Alhamisi, na pampu iko stoo. Ufunguo wa stoo si kwenye msumari wake wala kwenye kopo la chumvi. Wewe ndiwe wa mwisho kuingia mle kutoa begi. Uliuweka wapi? Jibu hilo pamoja na la daktari, leo hii.

Mama yako