Barua kwa Ambakisye, pamoja na sidii

Mbezi, Dar es Salaam
15 Februari

Ndugu yangu Ambakisye,

Ugonile! Hapa kwetu tu wazima, joto tu ndilo linatuonea. Mama Tusa anakusalimu sana, na anasema yale maparachichi yalifika salama, mawili tu ndiyo yaliyopondeka. Msalimie shemeji na watoto. Bibi mwambie nayaombea magoti yake.

Barua yako ya Januari nimeisoma mara tatu. Uliposema vijana wa bendi wamebaki sita, wengine wote wamehamia kwenye kinanda cha umeme, na kwamba unafikiria kumrudishia mchungaji funguo za stoo ya matarumbeta, sikulala vizuri. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na la kukuambia. Sasa ninalo, na nimelifunga kwenye gazeti humu ndani. Kondakta wa basi nimemsihi asiliwekee mizigo juu.

Nina jirani, mzee aliyesomea kilimo Denmark enzi hizo. Anahamia kwa mwanawe Dodoma, akawa anagawa vitu, mimi nikaambulia sidii ya Carl Nielsen, mtunzi wa huko. Simfoni zake, ambazo ni sita, hazimo. Humu kuna kazi zake fupi za okestra, za dakika tano, tisa, kumi na mbili. Wanaopiga ni okestra ya redio ya Denmark, miaka ya 1970, na anayewaongoza ni Herbert Blomstedt. Huyu bwana ni Msabato, tena wa kweli. Ijumaa jua likishazama hafanyi mazoezi hadi Sabato iishe. Lakini onyesho likiangukia Sabato analiongoza, kwa kuwa kwake mazoezi ni kazi na onyesho ni ibada. Mpe salamu hiyo yule shemeji yako wa Musoma.

Mzee alinisimulia habari za Nielsen, nami nikaenda kusoma zaidi. Alizaliwa mwaka 1865 kijijini, katika kisiwa cha Fyn, mtoto wa saba kati ya kumi na wawili. Baba yake alikuwa mpaka rangi nyumba, na siku za harusi alichukua fidla au koneti, tarumbeta fupi, akaenda kuchezesha watu. Mwaka 1879 mtoto, akiwa na miaka 14, akaingia bendi ya jeshi mjini Odense kupuliza baragumu na tromboni. Umesikia? Miaka 14, tromboni mkononi! Umri ule ule ambao marehemu mwalimu wetu alitukabidhi mimi tromboni na wewe besi, lile tarumbeta kubwa la sauti ya chini lililokuwa linakuzidi kimo.

Basi weka sidii kwenye deki, usiku, watoto wakishalala. Anza na ile inayoitwa Helios, yaani jua kwa Kigiriki. Mwaka 1903 mkewe, Anne Marie, aliyekuwa mchongaji wa sanamu, alikwenda Athens kusoma sanamu za kale, na Nielsen akamfuata. Akapata chumba chenye piano, akakaa humo Machi hadi Aprili akiitunga. Juu ya kazi yenyewe aliandika maneno machache tu: kimya na giza, jua linachomoza kwa wimbo wa sifa, linapita njia yake ya dhahabu, linazama taratibu baharini. Hakuna hadithi nyingine.

Mwanzoni utadhani deki imekufa. Usiongeze sauti, subiri. Chini kabisa kuna selo na besi za nyuzi, fidla kubwa za sauti nzito, zimeshika noti moja, hazisogei, kama mtu anayepumua usingizini. Halafu zinaingia honi, yale matarumbeta yaliyoviringana kama nyumba ya konokono. Moja inaita kutoka chini, inanyamaza. Nyingine inaitika, juu kidogo. Hakuna inayojitutumua. Nielsen halisukumi jua, ndugu yangu, analiacha lipande lenyewe, na kila sauti inayoongezeka unaona nayo ilikuwa inangoja zamu yake gizani. Mpaka tarumbeta zije kupasua na tromboni zote tatu ziingie, mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule. Mama Tusa akaniuliza kuna nini.

Nikamwambia, ni Pasaka ya Rungwe hii.

Unaikumbuka ile alfajiri? Saa kumi usiku tunapanda makaburini, kandili mbele, umande mpaka magotini. Baridi ile ya Tukuyu, midomo haikunjuki. Wewe ulikuwa umekichomeka kidomo cha besi, kile cha kupulizia, kwapani, ndani ya sweta, ili kisikugande midomoni, ukanifundisha na mimi. Watu wamesimama katikati ya makaburi, hata kukohoa hawakohoi, wote wametazama upande wa milima ya Livingstone. Mwalimu anainua mkono, haushushi. Anangoja. Ndipo wewe unaanza peke yako, chini kabisa, noti moja ndefu, na mimi naisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Yote tuliyopiga baada ya hapo yalisimama juu ya noti yako.

Hilo ndilo nililotaka kukuambia. Yule Nielsen alikulia kwenye bendi kama yetu, na alipotaka kutunga jua alianza na watu wa chini, wanaoshika na kungoja. Kinanda cha umeme kina sauti zote, lakini hakina mtu anayengoja na kidomo kwapani.

Nyingine nakutajia kwa ufupi. Ile ya Pan na Syrinx ni kisa cha Wagiriki cha binti aliyekimbizwa akageuka tete. Sikiliza klarineti inavyohangaika, na mwisho wake fidla zinabaki juu sana, zinakwaruzana, ikakatika. Ile ya safari ya Visiwa vya Faroe aliitunga mwaka 1927 kwa ajili ya kupokea wageni kutoka huko. Bahari yake ya mwanzo ni nzuri mno. Ngoma inayofuata kwangu ina kelele, labda wewe utaipenda. Ile ya ndoto ya Gunnar, shujaa wa masimulizi ya Iceland, aliyelala safarini na wenzake wakaambiana aachwe aote, hiyo irudie. Katikati wapulizaji wachache wanaachiwa kila mmoja apige lake bila kuhesabiwa mapigo. Utawacheka vijana wako, maana ndivyo wanavyokuwa nje ya kanisa kabla hujafika. Ila hawa wanasikilizana.

Nimeiacha moja makusudi. Ni ya nyuzi tupu, hakuna cha kupuliza, fupi. Nielsen aliiandika Januari 1910 kwa maziko ya rafiki yake, mchoraji Oluf Hartmann, aliyekufa na miaka 30. Naye Nielsen alipofariki, Oktoba 1931, ikapigwa kwenye maziko yake mwenyewe. Mara ya kwanza nilishindwa kuimaliza. Nilimwona Asajile. Na yeye hata 30 hakuifikisha, na tulimzika bila tarumbeta hata moja, kwa sababu mvua ilikata barabara na vyombo vyote vikabaki ng'ambo ya mto. Tuliimba kwa midomo mitupu. Tangu siku ile mimi na wewe hatujalizungumza, na sasa ni miaka kumi na moja. Kila nikija nyumbani tunapita njia ya juu ili tusipite kaburini kwake. Najua unajua.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Funguo usizirudishe kabla ya Pasaka. Vijana sita wanatosha: tarumbeta mbili, tenori mbili, baritoni, na huyo mdogo unayesema ana pumzi lakini hana mapigo mpe ngoma. Besi ni wewe. Tromboni ni mimi, nimeshaomba likizo kuanzia Jumatano ya wiki ile. Chagua wimbo mmoja wa kitabuni aliokuwa akiupenda Asajile, unaujua kuliko mimi, uandike kwa sauti nne, na baada ya ibada ya alfajiri tushuke mpaka kwake tuupige pale, taratibu, uanze wewe peke yako na noti ya chini.

Tromboni yangu ya zamani kama bado ipo stoo, mwambie kijana aitoe, apitishe maji ya moto na kuipaka mafuta ile sehemu ya kuvuta, ilikuwa inakwama kwenye noti za mbali. Kidomo nitakuja nacho mimi. Nimekitunza.

Ukishasikiliza nipigie, hata kama ni usiku wa manane.

Nduguyo,
Lusajo