Mpapindi usiishie Ngezi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze juu ya mpapindi. Vijana wengi wa Wete na Chake Chake ukiwatajia jina hili hawajui unasema nini, ilhali ni mti ambao asili yake ni Pemba tu.

Kwa asiyeujua, ni jamii moja na mnazi na mpopoo. Kwa mbali utadhani mpopoo, ila mpapindi huchipua vigogo vingi kwenye shina moja, vyembamba, vina pete pete, na majani yake yameinama kama unyoya. Wataalamu waliuandika kwa jina la kisiwa chetu, pembanus, mwaka 1962. Ndugu zake wengi wako Madagaska. Mmoja wao, ule wa vijiti vya njano, mnauona kwenye vyungu vya mahoteli na maofisi karibu dunia nzima. Wetu umebaki msitu wa Ngezi na sehemu chache nyingine. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo ikawa shamba la karafuu, na misitu mingi ikaondoka.

Mimi ni mama wa miaka 58, naotesha miche hapa Konde: mikarafuu, mishokishoki, midoriani. Mbegu za mpapindi nilipewa na jirani, mti wake uko uani tangu enzi ya baba yake. Mara ya kwanza nilizianika juu ya jamvi siku tatu, kama tunavyoanika karafuu. Haikuota hata moja. Mbegu hii ikikauka imekufa. Mara ya pili nilichukua tunda lililoiva likaanguka lenyewe, nikalimenya nyama yote, nikaroweka mbegu siku mbili huku nabadilisha maji, siku ya tatu nikazifukia kidole kimoja ndani ya mchanga uliochanganywa na vumbi la makumbi yaliyooza. Nilizika mbegu 40. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya, mume wangu akaniambia nimwage nipande mchicha. Mwezi wa tatu zikaanza kutoka sindano za kijani, na mwisho nikahesabu 23.

Hapo ndipo pa kuwa na subira. Mche unataka kivuli cha makuti, na maji kila siku wakati wa kaskazi, lakini maji yasituame. Kumi nilizitoa juani mapema nikidhani zimeshakomaa. Majani yakaungua yakawa kama karatasi, saba zikafa. Mizizi nayo haipendi kusumbuliwa, kwa hiyo sasa namwaga mbegu moja moja kwenye chupa za maji zilizokatwa, nimezitoboa chini, na siku ya kupanda naichana chupa, udongo unabaki mzima. Upepo wa chumvi hauufai, basi wa pwani wapande nyuma ya nyumba. Miche yangu mikubwa ina miaka mitano na inanifika kifuani.

Linaloniuma ni hili. Mwaka jana alinijia kijana na pikipiki, nyuma kafunga gunia la miche ya mpapindi iliyong'olewa msituni, mizizi imekatika, majani yameshanyauka. Anataka nimfufulie, kuna mtu kamwagiza kwa ajili ya bustani. Nilijaribu kwa sababu sikuweza kuitupa. Haikupona hata mmoja. Gunia zima, Mhariri, na kila mche ule ungekuwa mti Ngezi.

Mnaotaka mpapindi nyumbani, msing'oe msituni. Iko miti majumbani inayozaa, ombeni mbegu huko. Na kwa skuli zetu na mabaraza ya miji nina ombi: mnapopamba viwanja na njia, msinunue ule wa Madagaska kabla ya kuuliza wa kwetu. Nina miche 11 tayari kwa masika haya. Skuli yoyote ya Wilaya ya Micheweni itakayoniahidi kivuli na mtoto wa kumwagilia, miwili naitoa bure, na nitakuja mwenyewe kuonyesha shimo linavyochimbwa.

Msomaji wenu,
Muotesha miche, Konde, Pemba