Wananchi wa Anloga wamchague mkuu wao wa wilaya

Mhariri,

Huko Anloga, kusini-mashariki mwa Ghana, watu hulima vitunguu vidogo vyekundu kwenye ukanda mwembamba wa mchanga, bahari upande huu, ziwa la maji chumvi la Keta upande ule. Novemba 2021 mawimbi yaliingia hadi majumbani. Wachuuzi hulipa ushuru wa soko kwa baraza la wilaya. Lakini mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais. Katiba ya 1992 inawaachia wajumbe wa baraza kumthibitisha tu, na hadi asilimia 30 ya wajumbe hao nao ni wa kuteuliwa. Inaniuma. Anayetoa ushuru amchague anayeutumia! Ibara ya 243 ya Katiba hiyo, inayompa Rais uteuzi huo, irekebishwe.

Msomaji wako,
Tanga